Haile Selassie na Deni la Geneva

Ahadi ni deni, walisema wazee wetu. Leo twapenda kuwakumbusha ndugu zetu wanachama na wafanyakazi habari za mtu aliyekwenda kudai deni hilo mbele ya mataifa, akarudi mikono mitupu. Mtu huyo ni Haile Selassie, Mfalme wa Wafalme wa Ethiopia.

Alizaliwa katika nchi ya Harar mwaka 1892, akaitwa Tafari Makonnen. Mwaka 1923, kabla hajatawazwa, aliiingiza Ethiopia katika Chama cha Mataifa kilichokuwa na makao yake Geneva. Katiba ya Chama hicho iliwafunga wanachama wote kumtetea mwenzao akishambuliwa. Tafari aliiona kuwa ngao ya mnyonge. Novemba 2, 1930, alivikwa taji.

Oktoba 3, 1935, majeshi ya Mussolini yalivuka mpaka kutoka Eritrea pasipo kutangaza vita. Chama kilitamka upesi kwamba Italia imevunja mapatano, na mwezi wa Novemba kikaiwekea vikwazo vya biashara. Lakini na tuvitazame vikwazo vyenyewe. Mafuta, ambayo bila hayo ndege na magari ya vita hayaendi, hayakukatazwa. Mfereji wa Suez, walimopita askari wa Italia na silaha zao, haukufungwa. Mwezi wa Desemba, Hoare wa Uingereza na Laval wa Ufaransa walipatana kwa siri kumgawia mvamizi sehemu kubwa ya nchi isiyo yao. Siri ilipofichuka, raia wa Uingereza waligeuka mbogo na Hoare akajiuzulu. Wakati huo ndege za Italia zilikuwa zikiwamwagia Waethiopia sumu iliyokatazwa na mapatano ya 1925, ambayo Italia yenyewe iliyatia sahihi.

Mei 5, 1936, Addis Ababa ilitekwa. Juni 30, Mfalme alisimama Geneva akasema kwa Kiamhara. Waandishi wa Kitaliani walimpigia miluzi hata wakatolewa nje. Hakuomba sadaka, alidai haki iliyoandikwa, akaonya kuwa msiba huo hautakoma Ethiopia. Mwezi uliofuata vikwazo viliondolewa. Mwaka 1938 Uingereza iliutambua utawala wa Italia. Mexico, Urusi ya Kisovieti na Marekani zilikataa.

Onyo lake lilitimia. Mwaka 1939 Ulaya yenyewe iliwaka moto. Mei 5, 1941, miaka mitano kamili tangu mji ulipotekwa, Mfalme aliingia tena Addis Ababa. Wazalendo wa Ethiopia hawakuwa wameweka silaha chini, na miongoni mwa askari waliopigana na Wataliani walikuwamo wana wa Kenya, Uganda na Tanganyika.

Hatusemi kwamba alikuwa malaika. Serikali yake iliificha njaa ya Wollo ya 1973, na wanajeshi walimpindua mwaka 1974. Akafa kizuizini mwaka uliofuata. Lakini aliyoyadai Geneva yalikuwa kweli, na mwaka 1963 mji wake ndimo ulimozaliwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika.

Basi wafanyakazi na tujifunze. Taifa likivamiwa, tusihesabu hotuba za kulaani. Tuulize mafuta yanatoka wapi, na njia ya bahari imeachwa wazi kwa nani. Hapo ndipo rafiki hujulikana.