Comenius, Mwalimu wa Maneno

Twapenda kuwapa wasomaji wetu habari za Johannes Amos Comenius, aliyezaliwa Moravia mwaka wa 1592. Alifiwa na wazazi angali mtoto, hata akaanza chuo cha Kilatini mwenye umri wa miaka 16. Huko wanafunzi walikaririshwa maneno wasiyoyafahamu. Jambo hilo hakulisahau.

Akawa mchungaji. Mwaka wa 1622 tauni ilimwondolea mke na watoto wawili. Mwaka wa 1628 akahamia Leszno, katika Poland, kwa ajili ya imani yake. Huko alitunga kitabu cha maneno ya Kilatini yapata 8,000, kilichopigwa chapa mwaka wa 1631. Kwa kuwa kiliwalemea waanzao, akawatungia kingine chenye maneno yapata 1,000.

Mwaka wa 1656 Leszno uliteketea, na maandiko yake mengi yakaungua. Walakini mwaka wa 1658 kilitoka Nuremberg kitabu chake chenye picha. Kila kitu pichani kimetiwa tarakimu, nayo imeandikwa pia penye jina lake kwa Kilatini na Kijerumani. Hivyo mtoto alipata neno pamoja na maana yake.

Alifariki Amsterdam mwaka wa 1670. Nasi tufundishao, tusimpe mwanafunzi neno tupu.