George Mukabi, gwiji wa omutibo aliyekatizwa mapema

KISA, eneo la Kakamega, ndiko alikotoka George Mukabi, gwiji wa gitaa la omutibo. Kidole gumba kilishikilia besi, cha shahada kikafuma sauti nyembamba juu yake, na mwenzake akakwaruza chupa ya soda yenye migongo. Ngoma ya nini tena? Aliimba kwa Kiswahili, wala si kwa lugha ya nyumbani pekee, hivyo santuri kama vile Sengula Nakupenda zikapendwa mbali na Magharibi ya Kenya.

Mwaka 1963, taifa likingojea uhuru, aliuawa katika ugomvi uliohusu ndoa yake. Gitaa halikunyamaza: mwanawe, Johnstone Mukabi, alilishika na kuuendeleza mtindo ule ule wa babake.