Mfungwa Aliyetoroka Akapande Mlima

Mwaka huu sikuleteeni hadithi ya sungura na fisi. Nataka kuwasimulia habari za mtu aliyetoroka kifungoni pale Nanyuki, akakaa mlimani siku 18, kisha akarudi kifungoni kwa miguu yake mwenyewe. Jina lake Felice Benuzzi.

Kwanza nieleze nilivyomjua. Likizo ya Agosti tulikwenda kupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya kubeba mzigo mgongoni na kulala mlimani. Siku ya kwanza nilitangulia mbele nikiimba. Siku ya pili tulipokaribia kambi ya Shipton, kwenye mita 4,200, kichwa kilinigonga kama ngoma, na kila nilichokula kikarudi. Mwelekezi wetu alinitazama akakataa katakata nisiendelee. Wenzangu wakaenda Lenana. Mimi nikateremshwa na msaidizi wake, machozi yakinitoka kwa hasira. Njiani huyo msaidizi akaniambia nisijione wa kwanza. Ati hata wale Waitaliano watatu wa zamani, mmoja wao aliachwa kambini. Niliporudi nyumbani sikutulia mpaka nikazipata habari zao.

Benuzzi alizaliwa Vienna mwaka 1910, mama yake Mwaustria, baba Mwitaliano. Alikulia Trieste, mji wa bandari ulio karibu na milima, na huko ndiko alikojifunza kupanda. Alisomea sheria, tena alikuwa muogeleaji hodari. Mwaka 1938 alikwenda Ethiopia kufanya kazi katika serikali ya kikoloni ya Italia. Hilo tusilisahau, maana Waitaliano walikuwa wameivamia nchi ile kwa mabavu. Waingereza walipoiteka Addis Ababa mwaka 1941 naye alitekwa, akaletwa Kenya, na hatimaye akafungwa katika kambi ya Nanyuki.

Basi hapo kambini kilichomuumiza zaidi ni kukosa la kufanya. Leo kama jana, kesho kama leo. Siku moja mawingu yakafunguka, akauona mlima umesimama mbele yake, mweupe kwa theluji. Tangu hapo akawa mtu mwenye kazi. Waliungana na Giovanni Balletto, daktari aliyezoea milima, na Vincenzo Barsotti, ambaye hakuwa mpandaji kabisa. Nyundo ziligeuzwa mashoka ya barafu. Vipande vya vyuma vikawa meno ya kufunga chini ya viatu. Kamba zilitokana na katani ya vitanda vyao! Chakula walijinyima wakaweka akiba kidogo kidogo. Ramani hawakuwa nayo. Picha ya mlima waliitoa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Mimi nilikuwa na koti la kuazima na viatu vizuri, na bado nililalamika.

Tarehe 24 Januari 1943 wakatoroka. Walifuata bonde la mto, wakapenya msitu wenye ndovu na vifaru, bila bunduki. Barsotti akaugua. Wenzake wakamwacha kwenye hema, wakaenda kujaribu Batian, kile kilele kirefu cha mita 5,199. Hawakukiweza. Jiwe lilikuwa kali, theluji ikawapiga, na chakula kilikuwa kinaisha. Hapa ndipo nilipoisoma habari hii mara mbili, kwa sababu nilidhani wenye nguvu hawarudi nyuma. Walirudi hemani, wakapumzika, na tarehe 6 Februari wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimamisha bendera yao.

Msomaji utauliza, mbona hawakukimbia moja kwa moja? Wangekimbilia wapi? Nchi ya karibu isiyokuwa vitani ilikuwa Msumbiji ya Wareno, na huko ni mbali mno. Isitoshe, hawakutoka ili wakimbie. Walishuka wakiwa wamedhoofika kwa njaa, wakajirudisha kambini tarehe 10 Februari. Wakahukumiwa siku 28 za kufungwa peke yao, lakini mkuu wa kambi, Mwingereza, alipendezwa na ushujaa wao akawapunguzia, wakatumikia siku 7 tu.

Alirudishwa Italia mwaka 1946. Mwaka uliofuata kitabu chake kuhusu safari hiyo kikatoka kwa Kiitaliano, na baadaye akakiandika kwa Kiingereza pia. Akaingia katika kazi ya kibalozi, akazunguka nchi nyingi mpaka akawa balozi nchini Uruguay. Alifariki Roma mwaka 1988.

Ninayemfikiria mara kwa mara, lakini, ni Barsotti. Najiuliza alikuwa akiwaza nini humo hemani, mgonjwa, chakula kidogo, akisikiliza kama wenzake wanarudi. Disemba tunakwenda tena. Nimemwomba mwelekezi tulale usiku mmoja zaidi huko chini kabla ya kufika Shipton, naye amekubali.