Sultani wa Kilwa na Sarafu za Shaba

Mwanafunzi, yapata miaka ya 1310 hadi 1333, Kilwa Kisiwani ilitawaliwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga jumba la Husuni Kubwa. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alimzuru mwaka 1331. Ameandika kwamba maskini mmoja alimwomba Sultani nguo alizovaa. Naye akaenda akazivua, akampa. Aliitwa Baba wa Vipawa kwa ajili ya ukarimu wake.

Jina la Sultani huyu limo katika sarafu za shaba zilizookotwa Kilwa. Shaba ipashwapo moto hutanuka kidogo. Izidipo kupata moto hulainika, na hatimaye huyeyuka. Ipoapo husinyaa.

Fanyeni jaribio hili pamoja na mwalimu wenu. Pigilieni misumari miwili ubaoni, sarafu ipite katikati kwa shida. Ishikeni kwa koleo, muipashe moto sana, kisha mjaribu kuipitisha. Je, inapita? Iacheni ipoe, mjaribu tena. Je, sasa inapita?

Jihadhari: sarafu ya moto yaweza kufanana kabisa na sarafu baridi. Usiiguse kwa mkono.