Michael Graham: Mtaalamu aliyeonya kuhusu samaki wageni Ziwa Victoria

MACHI 2022, maji ya Mto Mara katika eneo la Kirumi yaligeuka kuwa meusi, na samaki wakaanza kuelea wakiwa wamekufa. Serikali ilizuia kwa muda matumizi ya maji hayo na ulaji wa samaki waliotoka humo, kisha ikaunda kamati ya uchunguzi chini ya Profesa Samwel Manyele. Kamati ilieleza kuwa oksijeni ilikuwa imepungua majini kutokana na kuoza kwa mimea pamoja na kinyesi na mkojo wa mifugo. Wananchi wengi hawakuridhika, kwani walishuku sumu. Hata hivyo pande zote mbili zilikubaliana jambo moja: chanzo cha vifo vya samaki wale kilikuwa katika maji yenyewe.

Takriban miaka 95 kabla ya tukio hilo, Mwingereza mmoja alifika katika ziwa ambalo mto huo unamwaga maji yake, akitaka kujua kwa nini samaki walikuwa wakipungua. Jina lake ni Michael Graham. Kwa wataalamu wa uvuvi duniani ni jina kubwa, ingawa katika mialo ya Musoma na Bunda, ambako maonyo yake yalikuja kutimia, ni nadra kulisikia likitajwa.

Graham alizaliwa mwaka 1898. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alijiunga na maabara ya serikali ya utafiti wa uvuvi huko Lowestoft, mji wa wavuvi mashariki mwa Uingereza. Mwaka 1927 alitumwa kuongoza uchunguzi wa kwanza mkubwa wa uvuvi katika Ziwa Victoria, akisaidiwa na kijana Barton Worthington. Mwaka 1927 na 1928 walifanya kazi katika maji ya Kenya, Uganda na Tanganyika, wakivua kwa majaribio, wakipima samaki na kuchukua vipimo vya joto na hali ya maji.

Malalamiko yaliyomleta yalimhusu ngege, jamii ya sato wa asili aliyekuwa tegemeo la walaji na wachuuzi. Nyavu za makila za Kizungu zilikuwa zimeingia upande wa Kenya mwaka 1905. Mwanzoni wavu mmoja ulinasa makumi ya ngege kwa usiku. Alipofika Graham, ulinasa wachache tu. Mwaka 1928 yeye ndiye aliyempa ngege jina la kisayansi, akichagua neno la Kilatini, esculenta, lenye maana ya kitu kinacholiwa. Samaki huyo hula mimea midogo mno inayoelea majini, hivyo kwake maji ndiyo shamba.

Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1929. Alipendekeza macho ya nyavu yasipungue inchi 5, ili ngege wachanga wapite na kuzaa kabla ya kunaswa. Alitaka pia ziwa lisimamiwe kwa pamoja, kwa sababu samaki hawatambui mipaka ya watawala. Kisha akagusa suala lililokuwa likizungumzwa wakati huo, la kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine. Alionya kuwa kufanya hivyo bila utafiti mpana kungekuwa hatari kubwa mno.

Sheria ya inchi 5 ilipitishwa katika miaka ya 1930, ikaanza kulegezwa katika miaka ya 1950. Katika miaka hiyohiyo ya 1950 sangara aliingizwa ziwani, kwanza kimyakimya, kisha rasmi mwaka 1962 na 1963. Waliounga mkono walisema furu, wale samaki wadogo wenye miiba waliojaa ziwani, hawana thamani, na ni heri waliwe na samaki mwenye minofu.

Graham mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi kwao zamani. Katika kitabu chake cha mwaka 1943 alieleza kile alichokiita sheria kuu ya uvuvi: kwamba uvuvi usio na kikomo mwishowe haumpi mvuvi faida. Kuanzia 1945 hadi 1958 aliongoza utafiti wa uvuvi wa Uingereza, akawaajiri vijana wawili, Ray Beverton na Sidney Holt, ambao hesabu zao zilizochapishwa mwaka 1957 zikawa msingi wa elimu ya uvuvi duniani. Alikuwa mtu wa tabia ya pekee. Alipenda kwenda kazini akiwa amepanda farasi. Baada ya kustaafu alijishughulisha na kuotesha majani katika vilima vya mabaki ya makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza. Alifariki dunia mwaka 1972.

Miaka kumi baadaye sangara alilipuka. Inakadiriwa kuwa ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na huenda 200 kati yake zimetoweka. Haki itendeke: sangara alileta pia fedha. Musoma ilipata viwanda vya minofu ya kuuzwa Ulaya na ajira kwa maelfu, kabla samaki hawajapungua na baadhi ya viwanda kufungwa. Bunda, katika Ghuba ya Speke, wavuvi wengi wakageukia dagaa wa kuvuliwa usiku kwa taa.

Lakini sangara hakuwa peke yake. Udongo na rutuba kutoka mashambani, moshi wa moto wa nyika na majitaka ya miji viliyalisha maji kupita kiasi. Ziwa ambalo katikati yake jicho liliona zaidi ya mita 5 kwenda chini enzi za Graham, lilifika miaka ya 1990 sehemu nyingi likionyesha mita 1 au 2 tu. Mimea midogo ikabadilika, na shamba la ngege likaharibika. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kuwa katika maji machafu furu jike hushindwa kutofautisha rangi za madume, hivyo aina zikachanganyika.

Baadhi ya furu waliosalia walihamishiwa kwenye matangi ya kioo ya bustani za wanyama Ulaya na Amerika Kaskazini. Huko mtunzaji akiona samaki anahema juu ya maji hakimbilii dawa. Hupima maji kwanza, hupunguza chakula, huongeza hewa, hubadili sehemu ya maji na kumtenga mgonjwa. Ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 halibadilishwi maji kwa ndoo.

Ngege naye, ambaye karibu ametoweka katika ziwa kubwa, ameonekana na watafiti katika vijiziwa vya pembeni upande wa Tanzania, yakiwemo mabwawa ya Kirumi, palepale ambapo mto uligeuka mweusi Machi 2022.