Sinan, Fundi Aliyeinywesha Istanbul

Ramadhani hii, unapongoja adhana ya Magharibi na glasi yako ya maji iko mbele yako, hebu tumkumbuke fundi mmoja aliyejua thamani ya maji hayo.

Istanbul ni mji wa ajabu. Mkono wa bahari uitwao Bosphorus umeugawa mara mbili: ng'ambo hii ni Ulaya, ng'ambo ile ni Asia. Sultan Mehmed wa Pili aliuteka mwaka 1453, akaleta watu wa kila namna kuja kuishi humo, Waislamu, Wakristo na Mayahudi. Miaka mia moja baadaye mji ulikuwa umefurika watu. Bahari iko kila upande, lakini maji ya bahari hayanyweki!

Sinan hakuwa mwenyeji wa mji huo. Alizaliwa karibu mwaka 1490 katika kijiji cha Ağırnas, karibu na Kayseri, kwa wazazi Wakristo. Serikali ya Kiothmani ilikuwa ikichukua vijana wa Kikristo kuwafanya askari, na yeye alichukuliwa bila kuulizwa. Akaingia katika Uislamu, akajifunza useremala, akaenda vitani, na huko akajulikana kwa kujenga madaraja. Alipofanywa mkuu wa wajenzi wa Sultan Suleiman, umri wake ulikuwa unakaribia miaka 50. Wewe kijana wa miaka 25 unayesema umechelewa, umechelewa wapi?

Kuanzia hapo hakupumzika. Huko Üsküdar, upande wa Asia, alimaliza msikiti wa binti Sultan, Mihrimah, mwaka 1548. Upande wa Ulaya akajenga Süleymaniye, kati ya 1550 na 1557, juu ya kilima kinachoonekana kutoka baharini. Kuba lake lina urefu wa karibu mita 53 kutoka sakafuni. Si mchezo! Lakini usitazame kuba peke yake. Kando ya msikiti aliweka madrasa, hospitali, hamamu, nyumba ya wasafiri na jiko la kulisha maskini. Aliyekuja kuswali, kusoma, kutibiwa au kutafuta chakula, wote walipata mahali.

Kisha yakaja maji. Sinan aliyatoa kwenye misitu ya kaskazini ya mji, akayapitisha kwenye mifereji na juu ya madaraja marefu ya mawe yaliyovuka mabonde. Mwaka 1563 mafuriko yakabomoa sehemu ya kazi hiyo. Mzee yule wa zaidi ya miaka 70 hakukaa kulia, alianza upya. Moja ya madaraja hayo, Mağlova, lenye kimo cha kama mita 36, limesimama hadi leo.

Alifariki mwaka 1588 baada ya kuwatumikia masultani watatu. Kaburi lake ni dogo tu, liko nje ya ukuta wa Süleymaniye, na kwenye kona yake pamejengwa mahali pa kuwapa maji wapita njia.

Basi ndugu yangu, tunapochangishana kujenga msikiti mtaani kwetu, tusiulize tu mnara utakuwa mrefu kiasi gani. Tuulize pia: mtoto atasomea wapi, mwenye njaa atafuturu wapi, na mpita njia atakunywa wapi? Hiyo ndiyo sadaka inayoendelea hata mjenzi akiwa kaburini.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu. Amin.