Edward Steere (1828–1882): Askofu Aliyekuwa Mwanafunzi wa Waunguja

Mchango wa Wakristo katika ustawi wa jamii za Afrika ya Mashariki umejadiliwa mara nyingi, na mara nyingi umejadiliwa kwa pupa. Wako wanaousifu kana kwamba Kiswahili hakikuwa na wenyewe kabla ya wamisionari kutia nanga Unguja, na wako wanaouona kuwa ni mkono mwingine tu wa ukoloni. Makala hii inayafuata maisha ya mtu mmoja ili kuonyesha kwamba lililo bora katika kazi yake lilitokana na kukubali kwake kufundishwa na watu aliotumwa kuwafundisha, ambao wengi wao walikuwa Waislamu. Mtu huyo ni Edward Steere, askofu wa tatu wa misheni ya UMCA.

Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma sheria, na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili, lakini uwakili haukumkaa moyoni. Mwaka 1856 alipewa daraja takatifu katika Kanisa la Anglikana, akahudumu katika vijiji vya Lincolnshire. Pengine angezeekea huko, kama si rafiki yake William Tozer kuteuliwa kuwa askofu wa misheni iliyoanzishwa na vyuo vikuu vya Uingereza kufuatia wito wa David Livingstone wa mwaka 1857. Askofu wa kwanza, Mackenzie, alikuwa amefariki mwaka 1862 katika bonde la mto Shire. Tozer na Steere walifika huko mwaka 1863, wakapiga kambi katika mlima wa Morambala. Njaa, vita na maradhi vilikuwa vimeiharibu nchi. Mwaka 1864 waliihamishia misheni Unguja, uamuzi uliomuudhi sana Livingstone, aliyeuona kuwa ni kukimbia. Kwa historia ya lugha yetu, hata hivyo, kukimbia huko kulikuwa na heri yake.

Unguja ya Sayyid Majid ilikuwa mji wa karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Wanafunzi wa kwanza wa misheni walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa, ambao Sultani mwenyewe aliwakabidhi kwa Tozer. Watoto hao walitoka bara, na lugha zao hazikuwa moja. Lugha iliyoweza kuwaunganisha, na kuwaunganisha wao na mji, ilikuwa Kiswahili. Steere hakukijua. Ilimbidi aanze kama mtoto: kuuliza jina la kitu, kuliandika, kulisoma mbele ya mwenye lugha na kukubali kusahihishwa.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia hapa. La kwanza ni kwamba hakuwa mtangulizi. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa amekwisha chapisha muhtasari wa sarufi mwaka 1850, akiegemea Kimvita. Steere aliifahamu kazi hiyo, lakini alichagua kuandika kile alichokisikia kikisemwa mahali alipokaa. La pili ni namna alivyofanya kazi. Alikuwa na mtambo wa chapa, na alipenda uchapaji kama fundi anavyopenda randa yake. Orodha za maneno zilichapwa palepale Unguja, zikasomwa na wenyeji, zikarekebishwa, zikachapwa tena. Wavulana waliookolewa baharini walifundishwa kupanga herufi. Kwa hiyo baadhi ya watu wa kwanza kuzalisha maandishi ya Kiswahili yaliyopigwa chapa walikuwa vijana ambao miaka michache nyuma walihesabiwa kuwa bidhaa.

Matunda ya kazi hiyo yalitoka London mwaka 1870, Steere alipokuwa amerudi Uingereza kwa muda. Kitabu cha kwanza ni A Handbook of the Swahili Language as Spoken at Zanzibar, chenye sarufi na msamiati. Ni kitabu cha mtu wa vitendo: hakina nadharia nyingi, lakini upatanisho wa kisarufi umepangwa kwa uwazi ambao vitabu vingi vya baadaye viliuiga bila kukiri.

Cha pili ni Swahili Tales, ambacho kwa maoni yetu ndicho kikubwa zaidi. Humo mna hadithi za mwalimu Goso na za punda wa dobi. Mna habari za Liongo pamoja na shairi linalonasibishwa naye. Tafsiri za Kiingereza zimewekwa sambamba na matini ya Kiswahili, ili msomaji apime mwenyewe. Hadithi hizi si za kuhubiri. Nyingi zina nasaba ya Kiarabu au ya Kihindi, na zimejaa adabu na imani ya Kiislamu. Kasisi aliyekuja kueneza Injili angeweza kuzichuja. Steere aliziacha kama alivyozipokea. Aidha, katika dibaji aliwataja wasimulizi wake kwa majina, miongoni mwao Hamisi wa Kayi na Masazo. Ni jambo la kusikitisha kwamba waandishi wengi wanaozinukuu hadithi hizo humtaja Steere peke yake, kana kwamba alizitunga.

Hata hivyo, sifa hizi zina gharama yake. Kwa karne kadhaa Kiswahili kilikuwa kikiandikwa kwa hati za Kiarabu, na tenzi zilihifadhiwa kwa hati hizo. Steere alitumia hati za Kirumi. Alikuwa na sababu ya kiisimu, kwa kuwa hati za Kiarabu, kama zilivyotumiwa wakati ule, hazikutofautisha barabara irabu e na i, wala o na u. Lakini matokeo yake yalikuwa aina mbili za wasomi katika mji mmoja: wale wa chuoni na wale wa misheni, kila kundi likishindwa kusoma maandishi ya lenzake. Ufa huo haukukusudiwa na Steere, lakini alikuwa mmoja wa waliouanzisha.

Alirudi Unguja mwaka 1872, mwaka ambao kimbunga kiliangusha minazi na mikarafuu. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash, akishinikizwa na Waingereza, alitia saini mkataba uliofunga masoko ya watumwa. Misheni ilipata uwanja wa soko la Mkunazini, na siku ya Krismasi mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Isidhaniwe kwamba utumwa ulikoma siku hiyo: hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja mwaka 1897 tu, na hata hapo kwa masharti. Steere, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874, alisimamia ujenzi mwenyewe. Paa lake la kuba, lililomiminwa kwa matumbawe na saruji, lilitabiriwa na wengi kuwa lingeanguka. Halikuanguka. Kanisa lilifunguliwa rasmi siku ya Krismasi 1879.

Swali gumu zaidi lilikuwa watu wenyewe. Aliyeachwa huru bila ardhi wala ukoo alikuwa katika hatari ya kukamatwa tena. Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watu walioachwa huru kutoka Lindi kuelekea bara, kwa nia ya kuwarudisha pande za ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, wao wenyewe waliomba kubaki, naye akakubali. Kijiji hicho kikawa chimbuko la elimu katika kusini ya Tanzania ya leo. Tunaona katika uamuzi huo tabia ileile ya mtu wa orodha za maneno: alisikiliza.

Hakuacha kukusanya. Kiyao, Kimakonde, Kinyamwezi na Kishambala kila kimoja kilipata kijitabu chake. Agano Jipya alilifasiri katika Kiswahili cha Unguja, na maneno mengi aliyoyachagua yalikuwa yamekwisha zoeleka katika dini ya wenyeji. Mwaka 1879 alimpa ushemasi John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano wa mwaka 1864.

Wajumbe walipokutana Mombasa mwaka 1928 na kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, walikuwa na sababu nyingi: njia za biashara za bara, mazoea ya utawala wa Wajerumani, shule zilizokuwapo. Vitabu vya Steere havikuwa sababu pekee, ila vilikuwa tayari mezani. Wasemaji wa Kimvita na Kiamu wana haki ya kuendelea kulalamika.

Steere alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Wiki chache baadaye Wangoni waliishambulia Masasi, wakateka watu wengi. Walionusurika walirudi na kuijenga upya, na Handbook ilisahihishwa na A. C. Madan, ambaye baadaye alitunga kamusi zake juu ya msingi huohuo.